Herufi L Pembeni mwa Jina Langu

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, niliingia katika shule ya msingi iliyo mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani kwangu, upande wa kaskazini wa mto Liffey jijini Dublin, nikiwa na kadi ya mpiga kura mkononi na kitambulisho mfukoni. Ukumbi ambamo watoto hucheza siku za mvua ulikuwa umepangwa meza, nyuma ya kila meza wameketi makarani wawili, na askari wa Garda, polisi wa Ireland, alikuwa amesimama karibu na mlango akiitikia salamu za wazee waliokuwa wakiingia mmoja mmoja. Karani aliyepokea kadi yangu alishusha rula taratibu juu ya ukurasa wa daftari mpaka akalifikia jina langu, akalipiga mstari, kisha kidole chake kikatulia kwa kitambo juu ya herufi moja iliyochapishwa pembeni mwa jina hilo. Ilikuwa herufi L. Akalisogeza kando bunda la karatasi za Bunge la Ulaya, akachana karatasi moja tu kutoka katika bunda la halmashauri ya jiji, akaigonga muhuri na kunikabidhi.

Herufi hiyo ina maana kwamba mimi ni mkazi wa Ireland lakini si raia wake, wala si raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya hapa imewapanga wapiga kura kwa ngazi. Rais huchaguliwa na raia wa Ireland peke yao, na kura ya maoni ya kubadili katiba ni yao peke yao pia. Wabunge wa Dáil, baraza la chini la Bunge la Ireland, huchaguliwa na raia wa Ireland pamoja na raia wa Uingereza wanaoishi hapa. Bunge la Ulaya ni la raia wa nchi zote za Umoja huo. Halmashauri, lakini, iwe ya jiji au ya kaunti, huchaguliwa na kila aliyetimiza umri wa miaka 18 na ambaye makazi yake ya kawaida ni hapa, hata akiwa na pasipoti ya nchi gani, na hata akiwa bado anasubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi. Imekuwa hivyo tangu uchaguzi wa mwaka 1974, na haki hiyo haiishii katika kuchagua, kwa kuwa mkazi asiye raia anaweza pia kugombea udiwani.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunaoishi hapa hatulijui. Wiki chache kabla ya uchaguzi nilimuuliza dada mmoja kutoka Mombasa, ambaye ni muuguzi na ameishi Dublin muda mrefu kuliko mimi, kama amekwisha kujiandikisha. Alinitazama kwa mshangao. “Kaka, mimi nina kibali cha kazi tu. Nitapigaje kura ya watu?” Nilimwambia kwamba kura hii si ya watu, ni yake, kwa sababu basi analopanda alfajiri, taka zinazorundikana nje ya mlango wake na bustani ambamo wanawe hucheza ni mambo yanayojadiliwa katika halmashauri hiyo hiyo. Tulikaa mezani kwake na simu yake, tukajaza namba yake ya utambulisho na msimbo wa anwani yake katika daftari la mtandaoni, na kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Tarehe ya mwisho ilikuwa 20 Mei. Alikuwa amepitwa na uchaguzi mmoja mzima wa madiwani, ule wa 2019, bila kujua kwamba alikuwa na sauti.

Sasa nirudi katika kile kibanda cha kupigia kura. Karatasi niliyopewa ilikuwa ndefu, ikiwa na majina ya wagombea yaliyopangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, kila jina likiwa na picha ya mgombea na nembo ya chama chake, isipokuwa wagombea binafsi ambao hawana nembo. Hakuna kuweka tiki wala alama ya vema. Mpiga kura huandika 1 mbele ya mgombea anayempenda kuliko wote, 2 mbele ya anayemfuatia, 3, 4, na kuendelea mpaka aridhike, na akitaka anaweza kuishia kwenye 1. Dublin imegawanywa katika maeneo 11 ya uchaguzi, nami nitayaita kata, ingawa kila kata hutoa madiwani 5, 6 au 7 kwa pamoja na si mmoja. Jumla yao ni madiwani 63. Kwa hiyo anayepiga kura hapa hamchagui mtu mmoja wa kumwakilisha. Anapanga foleni ya watu, na kura yake hutembea katika foleni hiyo.

Namna inavyotembea ndiyo iliyonivuta niupende uchaguzi huu, na naomba msomaji anivumilie niieleze kwa hesabu ndogo. Chukua kata yenye viti 7 ambamo zimepigwa kura halali 12,000. Kura hizo hugawanywa kwa viti pamoja na moja, yaani kwa 8, jibu likawa 1,500, kisha huongezwa moja. Kiwango cha kuchaguliwa ni kura 1,501, kwa sababu haiwezekani watu wanane wote wafikie idadi hiyo. Mgombea anayepata zaidi ya kiwango katika hesabu ya kwanza anatangazwa kuwa amechaguliwa, na zile kura zake za ziada hazilali bure, bali huhamishiwa kwa wagombea walioandikwa namba 2 katika karatasi zake, kwa uwiano. Pasipokuwa na ziada ya kugawa, mgombea wa mwisho kabisa huondolewa, na karatasi zake zote hufunguliwa upya na kupelekwa kwa anayefuata katika kila karatasi. Hesabu ya pili, ya tatu, ya nne, huenda hata ya kumi na kuendelea, mpaka viti vyote vijae. Mwishoni, wagombea waliobaki wakilingana na viti vilivyobaki, hutangazwa kuwa wamechaguliwa bila kufikia kiwango.

Waairishi wenyewe wameuzoea utaratibu huu kwa zaidi ya karne moja. Mji wa kwanza kuutumia ulikuwa Sligo, Januari 1919, baada ya manispaa yake kufilisika na walipakodi kudai namna ya kuchagua ambayo isingekipa chama kimoja kila kitu. Mwaka uliofuata ukatumika katika miji yote ya kisiwa hiki. Mara mbili, 1959 na 1968, serikali iliwaomba wananchi wauondoe katika uchaguzi wa bunge, na mara zote mbili wananchi walikataa. Nauelewa ukaidi wao. Ukishazoea kuandika 1, 2, 3, 4, ile hofu ya kupoteza kura kwa kumchagua mgombea mdogo unayemwamini inaisha, maana akishindwa kura yako haifi naye.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Majira ya kuchipua nilikuwa nimemsaidia mgombea mmoja wa kata yetu kugawa vipeperushi jioni, nyumba kwa nyumba, wakati jua la huku likichelewa kutua na watu wakifungua milango wakiwa na vijiko mikononi. Kwa ajili hiyo nilipata kibali cha kuingia katika kituo cha kuhesabia kura, ukumbi wa Simmonscourt katika viwanja vya maonyesho vya RDS, mtaa wa Ballsbridge. Masanduku yalifunguliwa Jumamosi asubuhi, tarehe 8. Makarani walianza kwa kutenganisha karatasi za Ulaya na za halmashauri, wakizikunjua moja moja juu ya meza ndefu, nyuso za karatasi zikiwa juu. Mbele ya kila meza kuna kizuizi cha chuma, na nyuma ya kizuizi hicho ndipo wanapobanana wale wanaoitwa watu wa kujumlisha.

Hao ni wafuasi wa vyama, kila mmoja na ubao wake wa kuandikia, karatasi yenye majina ya wagombea na penseli. Karani anapokunjua kura, wao hunyoosha shingo, wanaiona namba 1 imeandikwa wapi, na kuchora kijistari. Mzee aliyesimama kushoto kwangu, ambaye fulana yake ilionyesha wazi kwamba ni wa chama kinachoshindana na cha mgombea wangu, alikuwa anasoma kwa sauti ya chini majina ambayo mimi sikuweza kuyawahi, nami nikawa ninamsomea yaliyo upande wangu. Hakuna aliyeona ajabu. Vyama hushirikiana katika kazi hiyo, wakikusanya vijistari vyao pamoja, na kabla ya saa sita mchana wanajua kwa ukaribu mkubwa nani atapita katika kata gani, na zaidi ya hapo wanajua sanduku la mtaa gani lilimpa nani kura, wakati matokeo rasmi ya hesabu ya kwanza hayajatangazwa. Yule mzee aliniambia amefanya kazi hiyo tangu alipokuwa kijana, na alipoona penseli yangu imekatika ncha alinipa yake ya akiba.

Kila kitu huhesabiwa kwa mkono. Ireland ilinunua mashine za kupigia kura mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatumia zaidi ya euro milioni 50, ikashindwa kuwaridhisha wananchi kwamba mashine hizo zinaaminika, na mwaka 2012 zikauzwa kama vyuma chakavu. Nilikuwa nikiisikia habari hiyo ikisimuliwa kama aibu ya serikali. Baada ya kusimama kwenye kile kizuizi ninaiona kwa jicho lingine: wananchi walikataa kunyang'anywa nafasi ya kuziangalia kura zao zikikunjuliwa.

Mgombea wangu aliondolewa mapema. Msimamizi wa uchaguzi alisoma matokeo ya hesabu, akataja jina lake na idadi ya kura zake, akasema kwamba sasa zitahamishwa, na makarani wakalichukua bunda la karatasi zake, bunda dogo lililofungwa kwa mpira, wakaanza kuligawa katika vijishimo vya mbao, kila kimoja na jina la mgombea aliyebaki. Nilijua karatasi yangu imo humo. Namba yangu ya 2 alikuwa mwanamke wa chama kingine, ambaye naye aliondolewa baadaye usiku. Namba yangu ya 3 alikuwa katika kinyang'anyiro cha kiti cha mwisho, na ndiye aliyekipata, bila kufikia kiwango. Kwa hiyo mtu niliyemweka wa tatu, mtu ambaye nilisita kabla ya kumwandika na karibu nimruke, amekaa katika ukumbi wa halmashauri kwa sababu ya karatasi kama yangu zilizotembea mara mbili kabla ya kumfikia. Mgombea niliyemsaidia alikuja kutushukuru, macho yake mekundu, akasema anafurahi kwamba kura zake zimekwenda mahali pazuri. Nilimwamini.

Kuhusu matokeo ya jiji zima, Fine Gael ilitoka mbele kwa viti 11, ikifuatwa na Social Democrats waliopata 10, Sinn Féin 9, Fianna Fáil na chama cha Kijani 8 kila kimoja, Labour 4, People Before Profit 2, na viti vilivyosalia vikaenda kwa wagombea binafsi na makundi madogo. Ukizilinganisha namba hizi na za 2019 utaona jiji lilivyojigeuza. Social Democrats walikuwa na viti 5, wakaongeza mara mbili. Labour, ambao chama chao kimekuwa na mizizi katika mitaa ya wafanyakazi wa Dublin kwa vizazi kadhaa, walitoka 8 wakabaki na nusu. Fianna Fáil walioongoza 2019 kwa viti 11 walipoteza vitatu, na Kijani, waliokuwa na 10, walipoteza viwili tu, jambo ambalo kwao lilikuwa ahueni, maana nchi nzima waliporomoka kutoka madiwani 49 hadi 23.

Kilichonishangaza ni Sinn Féin, chama kikuu cha upinzani bungeni. Kwa muda mrefu kabla ya uchaguzi huo tafiti za maoni ya wananchi ziliwapa uungwaji mkono wa zaidi ya asilimia 30 kitaifa, na wengi, mimi nikiwamo, tuliamini kwamba Juni ingekuwa yao. Walipata chini ya asilimia 12 ya kura za chaguo la kwanza nchini. Kwa idadi walipanda, kutoka madiwani 81 hadi 102 kati ya 949, lakini Fianna Fáil walimaliza na 248 na Fine Gael 245, kila kimoja kikiwa na karibu asilimia 23 ya kura. Ndani ya Dublin, Sinn Féin waliokuwa na viti 16 mwaka 2014 na kuanguka hadi 8 mwaka 2019 walijiongezea kimoja tu. Kwa maoni yangu, wapiga kura wa mitaa ile iliyokuwa ngome yao walikuwa wamegawanyika juu ya suala la wahamiaji, na chama kilipojaribu kuzungumza na pande zote mbili hakuna upande ulioridhika.

Suala hilo ndilo lililonifanya niende kupiga kura nikiwa na kitu kizito kifuani. Novemba 23, 2023, baada ya watoto kuchomwa kisu karibu na Parnell Square, katikati ya jiji kulizuka ghasia, mabasi na magari ya polisi yakachomwa moto, na usiku ule wengi wetu tulipigiana simu kuulizana nani amefika nyumbani. Miezi iliyofuata kampeni zikaanza. Wagombea wenye asili ya kigeni walijitokeza kwa wingi kuliko ilivyozoeleka, na baadhi yao walitukanwa barabarani, wakang'olewa mabango, na wachache wakashambuliwa. Matokeo yalipotoka, Dublin ilikuwa imewachagua Malachy Steenson katika kata ya North Inner City na Gavin Pepper katika kata ya Ballymun-Finglas, wote wagombea binafsi waliofanya kampeni kwa kupinga sera ya serikali ya uhamiaji. Ni madiwani halali, waliochaguliwa kwa utaratibu ule ule niliousifu hapo juu, na ninawaandika hapa kwa sababu kusimulia matokeo bila wao kungekuwa kuwaficha wasomaji nusu ya habari.

Nusu nyingine ni hii. Jijini Galway, Helen Ogbu wa Labour, mzaliwa wa Nigeria, alichaguliwa kuwa diwani wa kwanza mweusi katika historia ya halmashauri ya jiji hilo. Katika halmashauri ya South Dublin, Baby Pereppadan na mwanawe Britto, familia yenye asili ya India, wote wawili walichaguliwa kupitia Fine Gael, na mwezi huo huo baba akachaguliwa na madiwani wenzake kuwa meya wa halmashauri hiyo. Yemi Adenuga, aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa diwani nchini mwaka 2019, alirudishwa na wapiga kura wa Navan katika kaunti ya Meath. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Rotimi Adebari, aliyefika Ireland akiomba hifadhi, akachaguliwa katika baraza la mji wa Portlaoise mwaka 2004 na kuwa meya wake mwaka 2007. Na ng'ambo ya mpaka, katika Ireland ya Kaskazini ambayo ina uchaguzi wake na tarehe zake lakini huwachagua madiwani kwa namba hizi hizi za 1, 2, 3, Lilian Seenoi-Barr, mzaliwa wa Kenya, aliapishwa Juni hiyo hiyo kuwa meya wa Derry na Strabane. Siku picha yake akiwa na mkufu wa umeya ilipozagaa katika simu zetu, yule dada muuguzi aliniandikia neno moja tu: “Wetu!”

Nisije nikawafanya wasomaji wadhani kwamba diwani wa Dublin ni mtu mwenye nguvu nyingi. Utekelezaji uko mikononi mwa mtendaji mkuu, ambaye ni mtumishi wa kuajiriwa na hapigiwi kura. Madiwani hupitisha bajeti, huandika mpango wa maendeleo unaoamua wapi pajengwe nini, na huweza kupandisha au kushusha kodi ya nyumba kwa kiwango kilichowekwa na sheria; mengine mengi huyajadili bila kuwa na neno la mwisho. Mfano ulikuja mapema sana. Agosti 2024 magari binafsi yalizuiwa kupita moja kwa moja katika kingo mbili za Liffey, Bachelors Walk na Aston Quay, ili mabasi yapate nafasi. Madiwani wapya walibishana, wafanyabiashara walilalamika, mawaziri nao wakatia neno, lakini mpango ulikuwa wa kiutendaji na ukaendelea. Mimi naupenda mpango wenyewe, maana basi langu sasa linavuka pale bila kukwama. Hata hivyo sipendi kwamba jambo kubwa hivyo kwa maisha ya jiji linaamuliwa na ofisi ambayo hakuna anayeweza kuipigia kura.

Hata Mstahiki Meya hatumchagui sisi. Kila mwaka, mwezi wa Juni, madiwani 63 humchagua mmoja wao avae mkufu na kuhamia Mansion House, makazi rasmi ya meya, kwa mwaka mmoja. Ili kuwa na wingi wa kura zinahitajika 32. Vyama vya mrengo wa kushoto na Kijani, yaani Social Democrats, Sinn Féin, Kijani, Labour na People Before Profit, vilikuwa na viti 33 kwa pamoja, na kwa siku kadhaa tuliamini kwamba Dublin ingeongozwa na muungano huo. Haikuwa hivyo. Kijani na Labour waliingia katika makubaliano na Fine Gael na Fianna Fáil, na James Geoghegan wa Fine Gael akawa Mstahiki Meya. Sikufurahi, maana naamini wengi walioandika namba zao kwa mpangilio kama wangu walitaka vyama vile vikae pamoja. Foleni yangu ya namba ilifika mpaka mlangoni mwa ukumbi wa halmashauri, lakini ndani ya ukumbi makubaliano ni ya vyama.

Miezi sita baadaye, katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Novemba, Geoghegan alichaguliwa mbunge, na kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mmoja kushika udiwani na ubunge, aliondoka; Emma Blain wa chama hicho hicho akachukua mkufu. Barry Heneghan, mgombea binafsi aliyekuwa ameshinda udiwani katika kata ya Clontarf mwezi Juni, naye alikwenda bungeni. Nafasi zao hazikujazwa kwa uchaguzi mdogo, kwa sababu katika halmashauri za hapa kiti kilichoachwa wazi hujazwa kwa uteuzi, na diwani aliyeondoka akiwa wa chama, chama hicho ndicho hupendekeza jina. Limerick peke yake ndiyo imechukua njia tofauti juu ya umeya. Siku ile ile ya Juni 7 wakazi wake walimchagua John Moran, mgombea binafsi aliyewahi kuwa katibu mkuu wa wizara ya fedha, kuwa meya wa kwanza nchini kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na kule pia wenye herufi L walipiga kura. Cork na Waterford waliulizwa mwaka 2019 kama wanataka meya wa namna hiyo wakakataa kwa tofauti ndogo. Dublin haijaulizwa katika kura ile, na natamani iulizwe.

Kilichoniuma zaidi katika matokeo yote hakimo katika orodha ya washindi. Waliojitokeza kupiga kura nchini walikuwa chini kidogo ya nusu ya walioandikishwa, na Dublin ilikuwa chini zaidi ya hapo. Katika ile kata yetu nilisimama mbele ya masanduku ya mtaa ambao najua umejaa Wabrazili, Wanigeria, Wahindi, Wakongo na sisi wa Afrika Mashariki, na rundo lake lilikuwa dogo kuliko rundo la mtaa wa jirani wenye nyumba chache zaidi. Yule mzee wa kujumlisha alikwisha kulizoea. Alisema tu kwamba wagombea nao huziona hesabu hizi, na uchaguzi unaofuata wanajua ni milango ipi wasipoteze muda kuigonga.

Oktoba 24, 2025, Ireland ilipiga kura ya kumchagua Rais. Sikuletewa kadi. Jioni, nikitoka kazini, nilipita mbele ya shule ile ile, nikaona kibao kile kile kimefungwa kwenye uzio, askari mwingine mlangoni, na watu wakiingia wakiwa na watoto na mbwa. Juu ya nguzo ya taa kulikuwa na bango la Catherine Connolly, ambaye kesho yake alitangazwa kuwa mshindi. Aliingia katika siasa mwaka 1999 kama diwani wa jiji la Galway, katika uchaguzi ambao herufi kama yangu inatosha, akawa meya wa jiji hilo mwaka 2004. Nilisimama kidogo chini ya bango lile, kisha nikaenda zangu nyumbani.